Mistari ya Jicho la Kushoto

Nesi wa chanjo ndiye aliyeliona kwanza. Alikuwa amemlaza mjukuu wangu kwenye mizani, ile yenye sinia jeupe, akamwinamia ili ambembeleze, na badala ya kubembeleza akamkazia macho. Akatoa tochi ndogo mfukoni, akammulika jicho la kulia, akammulika la kushoto, akarudi la kulia. Mkwe wangu alikuwa bado anahangaika na vifungo vya kigauni, hakuona kitu. Mimi niliona, kwa sababu kazi yangu ya maisha ni kusuka nywele, na msusi huzoea kusoma uso wa mtu kwenye kioo huku mikono ikiendelea na shughuli zake.

"Mama," nesi akamwambia mkwe wangu, "hili la kushoto lina weupe katikati ya mboni. Mmeuona?"

Tulikuwa tumeuona. Tulidhani ni mwanga wa dirisha.

Daktari wa macho alikuwa mama mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Akatuambia kuwa mtoto ana mtoto wa jicho. Mungu anisamehe, nilicheka.

"Daktari, huo si ugonjwa wetu sisi wazee?"

"Wako wanaozaliwa nao, bibi. Huyu kazaliwa nao."

Akasema jicho lipasuliwe mapema, wiki hizi hizi, mtoto angali mchanga. Kisha atavaa miwani. Mkwe wangu akauliza mapema ni lini, daktari akasema akipata nafasi kesho, atampokea kesho.

Mtoto tulikuwa tunamwita Mgeni. Wazazi wake walikuwa wameshaacha kungoja, akaja bila kutangaza, na baba yake alipomwona mara ya kwanza akasema, "Karibu, mgeni," jina likaganda. Jina la kwenye cheti lipo, tena zuri, ila hakuna anayelitumia. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na kweli nyumba yetu ilipona alipokuja. Kabla yake palikuwa na mwingine, wa kiume, aliyeingia hospitali na homa akatoka amefunikwa shuka. Huyo hatumtaji sana. Lakini nimemtaja hapa, maana bila yeye hamtamwelewa mwanangu.

Mwanangu, baba yake Mgeni, ni fundi bomba. Mtaa mzima unamwita Fundi, na mimi niliyemzaa nimejikuta namwita hivyo hivyo. Jioni ile alirudi kazini ananuka gundi ya mabomba, akaweka mfuko wa spana mlangoni, mahali ambapo kila siku namwambia asiuweke, akasikiliza habari yote akiwa amesimama. Kisha akasema hapana.

"Sikatai," akasema. "Nasema tusubiri."

"Tusubiri nini, Baba Mgeni?" mkewe akamuuliza.

"Akue. Apate damu. Atembee kidogo. Mtoto hata shingo haijakaza, apigwe nusu kaputi? Mimi nilipigwa ile dawa nilipovunjika mguu, nikaamka naongea na ukuta."

"Ukuta ulikujibu?" nikamuuliza.

"Mama, nisikilize. Mzee mshona viatu pale kona. Kafunguliwa macho akiwa na miaka sabini. Sabini! Leo anatunga uzi kwenye sindano mwenyewe. Kama macho ya mzee yalingoja, haya ya Mgeni yana haraka ya kwenda wapi? Na la kulia si linaona? Ananifuata kwa macho chumba kizima."

Kwa elimu yangu ya shule ya msingi, niliona mwanangu kasema neno. Mkwe wangu hakuona hivyo. Aliingia chumbani na simu, akafunga mlango, akampigia wifi yake.

Wifi yake huyo ni kitinda mimba wangu. Tangu utotoni jina lake ni Chaki, kwa kuwa hakuna kitu nyumbani ambacho hakukiandikia hesabu: milango, pipa la maji, kigoda changu cha kusukia. Wateja wangu walikuwa wanainuka na namba kwenye sketi. Akasoma mpaka akafika mahali ambapo sikuweza tena kueleza anasoma nini. Anafanya kazi kwenye chuo kikuu, mji mwingine, na kazi yenyewe ni kupiga hesabu za ubongo: jinsi ubongo unavyojichorea ramani ya kile ambacho macho yanaona. Wateja wakiniuliza nilikuwa nasema "anafundisha," kwa sababu ni neno fupi na kichwa cha mtu kinanisubiri.

Alifika Jumamosi na begi moja na ile kompyuta yake ya kukunja. Akambeba Mgeni, akamnusa shingoni, akamtazama jicho kwa muda mrefu. Kisha akamwambia kaka yake waongee.

"Kaka, shida siyo jicho."

"Shida siyo jicho? Basi nimeshinda. Mama, umesikia? Profesa kasema shida siyo jicho."

"Shida ni ubongo nyuma ya jicho. Jicho hata leo, hata mwakani, daktari atalisafisha. Ila ubongo haungoji. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi."

"Mwanangu si samaki."

Chaki akavuta pumzi. Nikamwona anatafuta njia nyingine, na nikaona hiyo njia aliyoipata, nikajua si nzuri, lakini sikumwahi.

"Chukulia bomba," akasema. "Bomba lisilopitisha maji si linaziba?"

Fundi akatabasamu. Chaki hakujua anacheza uwanja wa nani.

"Bomba lililoziba nalizibua hata baada ya miaka kumi," akasema. "Juzi nimezibua moja lina mizizi ya mti ndani. Mizizi, Chaki! Sasa hivi linatiririka kama limewekwa jana. Ndiyo kazi inayonilisha. Leta mfano mwingine."

Mkwe wangu alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Chaki akaacha mifano, akafungua kompyuta juu ya meza, akaisogeza pembeni ile sahani ya vitana vyangu.

Kwenye kioo palikuwa na mraba umejaa vidoti vya kijivu, vimechanganyika kama mchele na kunde zilizomwagika pamoja. Akasema huo ni ubongo. Si ubongo wote, ni kipande kidogo cha nyuma ya kichwa, pale ambapo habari za macho zinafikia. Tena si ubongo wa kweli, ni wa hesabu. Kila kidoti ni seli, na kila seli inapokea habari kutoka macho yote mawili, kiasi hiki kutoka kulia, kiasi hiki kutoka kushoto.

"Mwanzoni hakuna mpango," akasema. "Ona sasa."

Akabonyeza kitufe kimoja tu. Vidoti vikaanza kuchemka. Nilivaa miwani yangu nikasogea. Polepole weusi ukaanza kuutafuta weusi mwenzake na weupe ukautafuta weupe, vikashikana mikono, na kabla chai haijapoa mraba mzima ulikuwa na mistari: mweusi, mweupe, mweusi, mweupe, inapinda hapa, inagawanyika pale.

"Hizi ni nywele," nikasema. "Mtu kasukwa mistari."

"Ndiyo, Mama. Myeusi ni jicho la kulia, myeupe la kushoto."

"Na nani kasuka?"

Hapo uso wake ukawaka kama zamani alipokuwa anamaliza hesabu mlangoni. "Hakuna aliyesuka. Ndiyo raha yake. Mimi nimeweka sheria tatu basi. Seli jirani zinasaidiana. Seli zilizoachana kidogo zinasukumana. Na kila seli ina nafasi ya kiasi fulani, ukimpa huyu zaidi umempunguzia yule. Halafu nayaacha macho yapige habari zake. Zinazopiga pamoja zinashikana. Mtoto hata kabla hajazaliwa, macho yake yanapiga mawimbi kule gizani, kama fundi umeme anayejaribu taa kabla nyumba haijahamiwa. Akishazaliwa, mwanga unamalizia."

Fundi alikuwa ameinama, mikono magotini. Kitu kinachofanya kazi humvuta, hata akiwa na hasira.

"Fumba la kushoto," akasema.

Chaki akaanza upya, safari hii jicho la kushoto akalipunguzia habari. Ile mistari myeupe ikaanza kukonda. Ikakonda kama kipande cha sabuni cha mwisho, ikakatikakatika, na weusi ukaja ukakaa pale. Mwisho mraba ulikuwa mweusi, na vidoa vyeupe viwili vitatu.

"Asiyekuwapo na lake halipo," nikasema.

"Mama, hiyo ndiyo kazi yangu ya miaka minne," Chaki akasema.

"Sasa lifungue," Fundi akasema.

Akalifungua. Tukangoja. Mraba ukabaki mweusi.

"Ngoja kidogo."

Tukangoja kidogo.

"Umeizima."

"Sijaizima, Kaka. Inafanya kazi. Jicho liko wazi, linapiga habari, ila halina pa kufikia. Majirani wamehamia. Yule mzee mshona viatu aliona tangu utotoni, ramani yake ilishachorwa, ukungu ulikuja nyumba ikiwa imeshajengwa. Mgeni ndiyo kwanza anajenga."

Fundi akasimama. Nilidhani amekubali. Kumbe hasira ilikuwa imekwenda kuchukua viatu tu, sasa imerudi.

"Hii ni kompyuta," akasema. "Ukiiua unaiwasha. Umewahi kuuona ubongo wa Mgeni, wewe?"

"Sijauona."

"Unajua kitu gani kuuhusu?"

Chaki akakunja kompyuta. "Sijui chochote kuuhusu," akasema. "Hizi sheria tumezipata kwa wanyama, na namba nyingine nimekadiria. Siwezi kukuambia ni wiki ngapi amebakiza. Ila naogopa, Kaka. Ningekuwa siogopi nisingekuja."

Akatoka nje, Fundi, akaenda kukaza koki ya uani ambayo haikuwa inavuja.

Asubuhi yake nilikuwa nachambua maharage mlangoni, yeye amekaa kitandani na Mgeni juu ya mapaja. Mtoto alikuwa ndiyo ameanza kucheka na nyuso. Baba yake alikuwa na mchezo wake: anajaza mashavu hewa, anayabana, anaachia kwa mlio usio na adabu, na Mgeni anafungua mdomo wote, ufizi mtupu. Akafanya. Mtoto akacheka. Kisha nikaona anachukua kidole gumba, kile kilichochunika kwa spana, anamfunika jicho la kushoto taratibu. Akajaza mashavu. Mtoto akacheka vilevile.

Akahamisha kidole, akamfunika la kulia.

Cheko likaondoka. Si kwamba alilia. Uso ulitulia tu, jicho likaanza kutembea ukutani, kwenye pazia, likampita baba yake usoni kama anavyopita mtu mlango wa nyumba asiyoijua. Fundi akajaza mashavu. Hakuna. Akasogea mpaka pua zikakaribia kugusana. Hakuna.

"Mgeni," akamwita kwa sauti ndogo. "Ni mimi."

Mtoto akageuza kichwa kuifuata sauti, na jicho likampita tena.

Akatoa kidole. Mtoto akamwona, akacheka palepale, kana kwamba baba alikuwa amesafiri na sasa amerudi. Fundi alirudia mara moja, matokeo yakawa yaleyale. Kisha akamkumbatia, akakaa hivyo, na mimi maharage yangu nikayachambua mara mbili mbili, mabovu nikayarudisha kwenye mazuri.

"Mama Mgeni," akaita. "Kesho tunaondoka mapema."

Siku ya upasuaji tulikaa kwenye benchi la kijani, sisi wanne. Mkwe wangu alishika kiatu kimoja cha mtoto. Chaki alikuwa anahesabu vigae vya sakafuni, najua kwa sababu midomo ilikuwa inacheza. Fundi alisema anakwenda msalani, hakurudi. Nesi ndiye aliyemrudisha, akiwa na maji mpaka viwikoni.

"Huyu ni wenu?" nesi akauliza. "Nimemkuta kafungua sinki letu."

"Lilikuwa linadondosha," Fundi akasema.

"Nani kakutuma, baba?"

"Mikono."

Nesi akamtazama, akaelewa, akamwambia kama ni hivyo kuna na lingine ghorofa ya juu. Alikuwa bado huko juu daktari alipotoka na kusema mtoto kaamka, ana njaa, tena ana sauti. Nilimfuata mimi mwenyewe kwenye ngazi, magoti yangu haya. Sikuwahi hata kufungua mdomo, aliona uso wangu, akakaa chini kwenye ngazi na spana mkononi, akalia.

Tukafikiri tumemaliza. Kumbe ndiyo kwanza tunaanza.

Mgeni akapewa miwani midogo yenye mpira wa kuzunguka kichwa, upande wa kushoto kioo kinene kama kitako cha bilauri. Na tukapewa viraka, plasta laini zenye umbo la yai, za kulibandika jicho la kulia, lile zima, ili la kushoto lipate zamu. Daktari alisema tuanze na saa chache kwa siku, ataongeza mwenyewe kadiri mtoto anavyokua. Nilimwelewa vizuri, kwa ile mistari niliyoiona: lililohamiwa linarudishiwa kiwanja chake kidogo kidogo.

Chaki akarudi chuoni. Haikupita muda akapiga simu, sauti imechangamka.

"Wifi, nimekaa na hesabu za Mgeni. Nimeweka kila kitu, umri, upasuaji, miwani. Kila saa mnayoongeza kumziba, la kushoto linapata eneo zaidi. Mstari wa grafu unapanda tu, haushuki. Mkiweza siku nzima, fanyeni siku nzima."

"Daktari alisema saa chache," mkwe wangu akasema.

"Daktari anawahurumia. Watu wengi wanashindwa hata hizo chache."

Mkwe wangu akanitazama. Aliyetuokoa mara ya kwanza nani? Chaki. Tukaziba siku nzima. Mtoto akiamka, kiraka. Akilala, tunakibandua. Wengi hawajasikia kilio cha kiraka. Si cha njaa wala cha tumbo. Ni kilio cha mtu aliyefungiwa nje ya kwake mwenyewe, anagonga. Nilikuwa nambeba mgongoni huku nasuka, namwimbia, namwambia, "Vumilia, mke mwenzangu, ndiyo ukubwa." Ngozi ya pembeni mwa jicho ikawa nyekundu. Mikono ikajifunza kukitafuta kiraka, tukamvalisha soksi mikononi.

Na la kushoto lilianza kuona. Hilo lisipotee. Siku moja akiwa na kiraka alinifuata kwa kichwa chake nikitoka dirishani kwenda mlangoni, nikarudi dirishani, akarudi nami. Nilipiga kigelegele mteja wangu akaruka na kitana kichwani.

Kwenye kliniki daktari alimpima la kushoto, akafurahi. Akampima la kulia. Akazima tochi, akaiwasha, akampima tena.

"Hili mnalifunika muda gani?"

Mkwe wangu akasema. Daktari hakupayuka, na kwa sauti yake ile, kutopayuka kwake kulinitisha.

"Nani aliwaambia siku nzima?"

Mkwe wangu akanitazama mimi. Mimi nikatazama dari.

"Hili jicho zima nalo ni la mtoto mchanga," daktari akasema. "Nalo bado linajifunza kuona. Mmelifungia ndani, sasa limeanza kubaki nyuma." Akamgeukia Mgeni, akamshika kidevu. "Nadhani mmewahi. Acheni kiraka kabisa mpaka nimwone tena, kisha tutarudi kwenye saa nilizosema mimi. Nadhani litarudi. Ila sitaapa."

Nyumbani Fundi ndiye aliyempigia dada yake, kwa maneno machache, na Chaki akaja.

Alikaa kwenye kigoda changu cha kusukia, chini kabisa, magoti kidevuni, kompyuta imefunguliwa sakafuni. Alikuwa ameshalipata kosa njiani.

"Nililigandisha la kulia," akasema.

"Sema Kiswahili," Fundi akasema.

"Hesabu zilikuwa nzito, zilikuwa zinachukua siku mbili kwisha. Nikasema la kulia ni zima, kiwanja chake kinajulikana, nikalipigilia msumari, lisibadilike hata lizibwe vipi. La kushoto pekee nikaliacha litembee. Basi kila saa ilikuwa faida. Hasara ingetoka wapi, nimeifungia nje mwenyewe." Akajifuta pua kwa kiganja. "Nilifanya hivyo hesabu ziende haraka. Kisha nikasahau kuwa ni mimi niliyefanya."

Nilitaka nimwambie mwanangu si kitu. Kaka yake akaniwahi.

"Siku ile nilikuuliza unajua kitu gani kuuhusu ubongo wa Mgeni. Ukaniambia hujui chochote, unaogopa. Unakumbuka? Nilikasirika, lakini neno lile ndilo lililonilaza macho mpaka asubuhi. Nikasema, msomi huyu, halafu anaogopa kama mimi. Safari hii ulipiga simu huogopi."

Mkwe wangu akasogea akakaa karibu na Chaki kwenye sakafu, bega kwa bega.

Fundi alizunguka chumba. Akaupiga teke mfuko wa spana, akaumia kidole, akaruka kwa mguu mmoja, na hapo ile hasira ikapungua, maana huwezi kuwa mkali ukiruka kwa mguu mmoja.

"Mimi," akasema, akiwa ameshika ukuta, "mwaka wa kwanza wa ufundi nilikwenda kubadilisha koki kwa mtu. Nikafunga maji, nikabadilisha, nikalipwa, nikaenda zangu nafurahi. Kumbe nilifunga ya mtaa mzima. Palikuwa na harusi. Bwana harusi kakwama bafuni na sabuni machoni."

"Mwongo," mkwe wangu akasema.

"Muulize Mama. Walikuja kumtafuta hapa hapa."

"Walikuja," nikasema. "Bwana harusi mwenyewe, kajifunga taulo."

Chaki alicheka, kicheko kikageuka kilio, na kaka yake akakaa chini mbele yake.

"Haya, toa huo msumari," akamwambia. "Acha yote mawili yatembee. Nataka nione."

Alitoa. Hesabu zilienda taratibu, kompyuta ikapata joto kama pasi. Alipoziba siku nzima, mistari myeupe ikanenepa na myeusi ikakonda, lile kosa letu lote likapita mbele ya macho yetu. Alipoziba kwa zamu, mistari ikasukumana, ikasukumana, ikatulia, mmoja mwembamba kidogo kuliko mwenzake, lakini yote ipo, mpaka pembeni.

"Sawa," Fundi akasema. "Sasa sikiliza adhabu yako. Daktari akiruhusu kiraka tena, utakuja ukae hapa wiki nzima, na utakibandika wewe. Mama apumzike masikio."

Akaja kweli. Siku ya kwanza Mgeni alipolia, Chaki alitoka mpaka uani. Siku ya pili aligundua kwamba akimzungushia kifuniko cha sufuria juani mtoto ananyamaza ili akitazame. Kwenye hesabu zake, aliniambia, hakuna mahali pa kuandika kilio, na sasa hajui akiandike wapi.

La kulia lilirudi. Mwishowe daktari aliapa, baada ya kumpima mara tatu. La kushoto alisema halitakuwa sawasawa na mwenzake maisha yote, tulijue hilo. Linaona kiasi gani, alisema mtoto atatuonyesha mwenyewe.

Tulikuwa bado tunangoja kuonyeshwa siku ile nilipokuwa namsuka mwalimu wa chekechea, rasta ndogondogo zenye shanga mwishoni. Mgeni alikuwa anatambaa sakafuni, kiraka kulia, miwani imekaa upande. Chaki, aliyekuja likizo, na wifi yake wanakunja nguo kitandani. Fundi anakunywa chai. Sakafu yetu ni ya saruji nyekundu, na shanga alizotaka mwalimu ni nyekundu, ndogo kama punje ya mtama. Moja ikanitoka vidoleni. Nikaisikia, sikuiona. Mimi mwenye macho mawili na miwani, shanga nyekundu kwenye sakafu ile huzitafuta kwa ufagio.

Mgeni akaacha kutambaa. Akainamisha kichwa kidogo upande, kama kuku anayepima punje. Akaenda moja kwa moja mpaka chini ya meza, akanyoosha mkono, akabana kwa vidole viwili, akaiokota, akaitia mdomoni.

"Katia mdomoni!" mkwe wangu akapiga kelele.

"Shanga! Ana shanga!"

"Mpindueni!"

"Usimpindue, utamsukumia ndani!"

Fundi alimwaga chai, akamfikia kwanza, akatia kile kidole chake cha kuzibulia mabomba, akakizungusha mara moja, akatoka na shanga ncha ya kucha. Mgeni akaangua kilio cha kudhulumiwa.

Fundi akaishika juu, tuione. Tukaitazama. Kisha mmoja mmoja tukamtazama mtoto, kile kiraka, bado kimeziba la kulia.

Mkwe wangu alikaa juu ya nguo alizokwisha kukunja. Chaki akaziba mdomo kwa vitambaa vya mtoto alivyokuwa navyo mkononi, mabega yakawa yanamtikisika. Fundi akajaza mashavu, akataka kuyaachia kwa ule mlio wake, akashindwa, midomo ilikuwa inatetemeka.

"Jamani vipi?" mwalimu wa chekechea akauliza, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama. "Si imetoka? Mbona mnalia?"

Nikamwambia atulie, anipe dakika moja. Nikachukua ufagio nitafute kama kuna nyingine zilizoanguka, na Mgeni, machozi hayajakauka, tayari alikuwa ameshashuka mapajani kwa baba yake, ametangulia mbele yangu.